Uzi: Jane alikuwa na unga ratili nne hivi, kwa nini alimgawia Eliza nusu?

Binti Ukerewe (mleta mada)
Salaam wakuu. Siku hizi nasoma shajara za wanawake wa Kimormoni waliovuka nyika za Marekani miaka ya 1840 kwenda bonde la Salt Lake, Utah ya leo. Kuna mahali pamenikwama.

Ni Aprili 1849. Eliza Partridge Lyman anatimiza miaka 29. Anaishi kwenye chumba cha magogo ndani ya boma la Salt Lake, yeye na mama yake na ndugu zake, na ana mtoto wa miezi minane. Mumewe, Amasa Lyman, ni mmoja wa Mitume Kumi na Wawili wa kanisa lao. Katumwa California, na kaondoka nyumbani hakuna hata unga wa mkate. Eliza hamlaumu. Anaandika kwamba kuupata hakukuwa ndani ya uwezo wake.

Siku chache mbele anaandika tena: Jane James, mwanamke mweusi, kampa unga ratili mbili, kama nusu ya aliokuwa nao.

Ratili mbili ni gramu 900 hivi. Jane naye alikuwa na mume na watoto: Sylvester, Silas, na Mary Ann aliyezaliwa hapohapo bondeni mwaka 1848. Unga wa kuwatosha siku mbili tatu, anaukata katikati anampa mke wa mtume. Kwa nini? Naomba tujadili kwa hoja.

Mzee Kibatari
Imani, binti yangu. Watu waliofukuzwa pamoja, wakavuka mto pamoja, wakazika watoto pamoja, hawapimiani unga. Sioni fumbo hapo.

Kimya Kingi
Nimekaa mstari wa mbele. Endeleeni.

Mfugaji wa Monduli
Mzee Kibatari, taratibu. Hawa si ndio wale waliokokota mikokoteni kwenye theluji wakafa njiani? Na huyo Jane si alikuwa mtumwa wao? Mtumwa akiombwa nusu atasema hapana kwa mdomo upi?

Kalamu ya Kale
Monduli, umechanganya vitu viwili.

Mikokoteni ya kuvutwa kwa mikono ilikuja baadaye, 1856 hadi 1860. Waliopatwa na theluji ni misafara miwili ya mwaka 1856, wa Willie na wa Martin, na walikufa zaidi ya watu 200. Eliza alisafiri kwa gari la maksai lenye turubai. Alitoka Nauvoo, mji wa Wamormoni huko Illinois, Februari 1846, akafika bondeni Oktoba 1848. Njia nzima ni kama kilomita 2,100, ila katikati walikaa karibu miaka miwili kambini kando ya mto Missouri.

Jane hakuwa mtumwa. Jane Manning alizaliwa huru Connecticut. Mwaka 1843 yeye na ndugu zake walikuwa safarini kwenda Nauvoo, walipofika Buffalo wakakosa usafiri, wakatembea kwa miguu zaidi ya kilomita 1,200. Alisimulia mwenyewe kwamba viatu viliisha, nyayo zikapasuka, wakawa wanaacha alama za damu ardhini. Watumwa walikuwepo, hilo kweli: msafara wa kwanza wa 1847 ulikuwa na Green Flake, Hark Lay na Oscar Crosby, wote mali ya watu. Jane hakuwa miongoni mwao.

Mfugaji wa Monduli
Sawa, tumwite huru. Lakini weusi bondeni walikuwa wa kuhesabu, na Isaac, mumewe, alikuwa akifanya kazi kwa Brigham Young, kiongozi mkuu wa kanisa. Mke wa mtume akikosa unga halafu wewe unao, ukimnyima habari itafika wapi? Mnyonge hutoa kwa hiari ambayo si hiari kamili. Mie bado nipo hapo.

Mama Wawili, Temeke
Monduli, wewe hujawahi kukosa unga na mtoto anakutazama.

Mume wangu alikwenda Uarabuni kutafuta, miezi ya mwanzo hakutuma kitu. Hakuwa mbaya, hakulipwa. Aliyenisaidia si ndugu zake wenye duka. Ni jirani muuza maandazi, ambaye ukiangalia ndoo yake ya unga ulikuwa unaona chini. Alinipimia kwa bakuli, akageuka, akaendelea na kazi zake. Sikuwa mke wa mtume, nilikuwa na deni kwake tayari. Mwenye kidogo ndiye anajua kidogo kinauma vipi. Jane alimwona Eliza na mtoto mkononi, basi.

Kalamu ya Kale
Dada, nakuelewa, ila kuna jambo hamjaligusa. Hawa wawili walikuwa wanajuana tangu Nauvoo, tena wanajuana kwa siri nzito.

Baba yake Eliza, Edward Partridge, alikuwa askofu wa kwanza wa kanisa hilo. Mwaka 1833 kundi la watu wa Missouri lilimpaka lami na manyoya hadharani, Eliza akiwa na miaka 13. Familia ikafukuzwa wilaya hadi wilaya mpaka Nauvoo, na huko baba akafa 1840. Eliza na mdogo wake Emily wakaenda kukaa nyumbani kwa Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa. Mwaka 1843 wote wawili wakaolewa naye kwa siri.

Jane alipofika Nauvoo mwaka huohuo, naye akapata kazi na malazi katika nyumba ileile. Katika maisha yake aliyoyasimulia uzeeni, anasema Eliza, Emily na dada wawili wa ukoo wa Lawrence walimwambia kwamba wao ni wake wa Joseph. Kwanza walimpima: angeonaje mwanamume akiwa na wake zaidi ya mmoja? Akawajibu hana neno nalo.

Fikirieni. Jambo ambalo mji mzima haukuruhusiwa kulijua, walimwambia mfanyakazi mweusi aliyefika juzi. Mwaka 1849 Eliza hakuwa mgeni kwa Jane. Kwangu mimi unga ule ulianzia Nauvoo.

Kimya Kingi
Hapa sasa uzi umekolea.

Ustadh wa Pangani
Shukrani kwa maelezo. Kwa hiyo Eliza na Emily, ndugu wa tumbo moja, walikuwa wake wa mtu mmoja kwa wakati mmoja? Kwetu hilo ni haramu kwa nassi ya Qur'ani, Suratun-Nisaa aya ya 23. Mitala ipo kwa masharti, lakini dada wawili hawakusanywi.

Binti Ukerewe
Ustadh, na haikuishia hapo. Joseph Smith aliuawa Juni 1844. Eliza akaolewa na Amasa Lyman mwaka huohuo, na mdogo wake Caroline naye akaolewa na Amasa. Mwaka 1853 akafuata Lydia. Dada watatu, mume mmoja, na wake wengine wakiwepo. Emily yeye aliolewa na Brigham Young.

Mzee Kibatari
Kwa babu yangu upande wa mama, dada mdogo kumfuata dada yake kwenye ndoa lilikuwa jambo la kawaida. Walisema watoto hawatanyanyaswa na mama wa kambo kwa sababu mama wa kambo ni mama mdogo. Sisemi ni vizuri. Nasema Ustadh asidhani ni ya Utah peke yake.

Mama Wawili, Temeke
Mimi na mdogo wangu tugawane mume? Mzee Kibatari, hapo tunaachana njia panda.

Ila ngoja. Mtume huyo ana wake wengi, katumwa California, nani anawalisha hao wote? Msiniambie "hakuwa na uwezo". Asiye na uwezo anaoa mmoja.

Mwalimu wa Mpwapwa
Dada, kwa mwaka ule hata mwenye mke mmoja alikuwa na njaa. Mazao ya 1848 yaliliwa na nyenje na mengine yakaungua kwa baridi. Kisha msimu wa vuli wakaingia wahamiaji wapya kwa maelfu, chakula kilichovunwa kikagawanywa kwa midomo mingi kupita hesabu. Majira ya baridi yalikuwa makali. Watu walichimba viazi vya ua la mwituni liitwalo sego na mizizi ya mibaruti, wakachemsha ngozi za ng'ombe wakanywa mchuzi wake. Hali ilipoa kiangazi cha 1849, pale watafuta dhahabu wa California walipopita bondeni wakauza mizigo yao kwa bei ya kutupa ili watembee wepesi.

Kwa hiyo Aprili ndio ulikuwa mwezi mbaya kuliko yote: ghala tupu, shamba bado. Amasa asingekwenda California, Eliza angekosa unga vilevile.

Mama Wawili, Temeke
Angekosa akiwa na mtu wa kwenda kuutafuta, Mwalimu. Jane alikuwa na Isaac nyumbani. Hiyo tofauti usiifute kwa nyenje.

Mfugaji wa Monduli
Hapo nakuunga mkono kabisa.

Binti Ukerewe
Naomba niwarudishe nyuma kidogo, 1846, maana naona bila hapo hatumwelewi Eliza wa 1849.

Julai 14, 1846, kambini karibu na mto Missouri, Eliza alijifungua mtoto wake wa kwanza ndani ya gari. Wakamwita Don Carlos. Papohapo homa ikamshika. Anaandika kwamba ni mahali pa kutisha kuugulia homa, ndani ya gari, kivuli chako ni turubai tu na jua la Julai linapiga kila siku. Faraja yake yote ilikuwa maji baridi ya chemchemi iliyokuwa jirani. Wiki kadhaa baadaye amekonda hadi wanaomfahamu wanapita wasimtambue mpaka waambiwe jina, na mtoto naye kadhoofu kwa kuwa mama anaumwa.

Oktoba wakahamia nyumba ya magogo. Anasema ndiyo nyumba ya kwanza mtoto wake kuingia tangu azaliwe. Haina sakafu, paa ni la mabonge ya udongo na majani na linavuja, lakini anashukuru kukaa karibu na moto ambao upepo hauupeperushi, ambao unaweza kupasha ubavu mmoja bila mwingine kuganda.

Desemba 6 mtoto anaumwa, amelia kutwa, mama haoni kinachomsumbua. Yeye na Caroline wanakesha naye usiku baada ya usiku. Desemba 12 anaandika kwamba mtoto amekufa. Alikuwa hajatimiza miezi mitano.

Sasa angalieni: Jane naye alijifungua Silas Juni 1846, Iowa, njiani. Mwezi mmoja kabla ya Eliza, njia ileile. Silas aliishi.

Nesi Asubuhi
Pole kwa Eliza, hata kama ni miaka mingi. Hiyo homa baada ya kujifungua, kwa maelezo yako, ni homa ya uzazi. Maambukizi yanaingia kupitia mikono na vyombo. Mwaka 1846 hakuna aliyejua. Ignaz Semmelweis alianza kuwataka madaktari wa Vienna wanawe mikono kwa maji ya klorini 1847, na wenzake wengi wakampinga. Nimefanya kazi wodi ya wazazi, nimemwona mama mwenye homa hiyo. Anatetemeka blanketi tatu, ukimgusa unahisi jiko. Huyo alikuwa na dawa za sindano na dripu. Eliza alikuwa na maji ya chemchemi.

Mwalimu wa Mpwapwa
Nesi, nakubali kwa homa ya mama. Ila kwa mtoto mie naweka lishe. Majira yale ya baridi pale Winter Quarters, kambi yao kubwa kando ya Missouri, na kambi za jirani kiseyeye kiliua watu wengi sana, hawakuwa na mboga wala matunda. Mama aliyekonda hivyo maziwa yatatoka wapi?

Nesi Asubuhi
Kiseyeye kwa mtoto wa miezi mitano anayenyonya? Mara chache sana, Mwalimu. Kulia kutwa bila sababu ya kuonekana kunaweza kuwa sikio, tumbo, uti wa mgongo, chochote. Hapo hatuna vipimo.

Mzee Kibatari
Hata wakunga wazuri walikuwepo. Patty Sessions alikuwa kambi hizohizo, anasifiwa kuzalisha watoto karibu 4,000 maishani mwake, na yeye mwenyewe aliugua kiangazi hichohicho karibu kufa. Ilikuwa nyumba ya wagonjwa nzima ile.

Mkimbizi wa Zamani
Sijazoea kuandika humu. Nimezaliwa Burundi nikakulia kambini Kigoma.

Monduli anasema mnyonge hutoa kwa kuogopa. Mwalimu anasema njaa ilikuwa ya wote. Kambini siku ya posho kila familia inapewa kipimo chake, na kabla ya mwezi kuisha unajua nyumba ipi imeishiwa kwa kutazama moshi. Mama alikuwa akitoa unga kwa jirani, na si kwa kuogopa wala kwa huruma tu. Alikuwa anajua wiki ya mwisho yeye ndiye atakayekwenda kugonga. Haikuandikwa popote, haikutajwa, na aliyevunja utaratibu ule alisusiwa. Naona hata Jane alijua bonde lile ni dogo na msimu ni mrefu. Eliza angekuja kuwa na kitu, angempa.

Mfugaji wa Monduli
Karibu sana mkuu. Hoja yako ina uzito. Swali langu ni moja: Je, alirudishiwa?

Kalamu ya Kale
Monduli umeuliza swali gumu la uzi huu.

Kwa unga, huenda. Kwa mengine, hapana. Jane aliomba miaka mingi apokee ibada za hekaluni ambazo Eliza, Caroline, Emily na wanawake wazungu wa rika lake walizipokea. Aliandikia viongozi, akawafuata. Kila mara alikataliwa kwa sababu ya asili yake. Mwaka 1894 wakampa ibada ya pekee: kuunganishwa na Joseph Smith kama mtumishi wake milele, na hata hiyo hakuruhusiwa kuwemo, mwanamke mzungu, Bathsheba Smith, alisimama kwa niaba yake. Hakuridhika, akaendelea kuomba mpaka alipofariki Aprili 1908. Rais wa kanisa, Joseph F. Smith, alizungumza mazishini kwake.

Mzee Kibatari
Hii imeniuma.

Muumini Nairobi
Mimi ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndilo hilo la Wamormoni, kwa hivyo naandika kutoka ndani. Zuio lile liliondolewa Juni 1978. Leo kuna hekalu Kinshasa tangu 2019 na Nairobi tangu 2025, na mama yangu ameingia la Nairobi akapokea kila kitu Jane alichonyimwa. Siku ile nilimfikiria Jane, si Eliza.

Lakini sitaki mumfanye Jane mtu wa kuonewa pekee. Alikuwa na nyumba yake, shamba, mifugo. Alifua nguo za watu, akatengeneza sabuni. Isaac alipoondoka karibu 1870 alibaki akaendesha kaya yake, na miaka ishirini baadaye aliporudi mgonjwa alimpokea, na alipofariki 1891 mazishi yalifanyikia nyumbani kwa Jane. Mtu wa namna hiyo hakutoa unga kwa kuogopa sura ya mke wa mtume. Na kwenye makaburi ya Salt Lake kuna jiwe la ukumbusho wake na Isaac lililozinduliwa 1999, tukio la unga limechongwa pale.

Mfugaji wa Monduli
Ndugu yangu, nakuheshimu na imani yako. Lakini waliochonga jiwe wamechagua siku aliyotoa. Barua alizoomba hazijachongwa.

Muumini Nairobi
Siwezi kukupinga hapo.

Ustadh wa Pangani
Na Eliza je? Huyu mume wa California alirudi?

Binti Ukerewe
Alirudi, Ustadh, na akatumwa tena na tena. Eliza alizaa watoto watano kwa jumla. Yule wa miezi minane ni Platte, aliyezaliwa njiani Agosti 1848 kando ya mto Platte, ndiyo asili ya jina. Miezi mingi Eliza alijilisha kwa kusokota na kushona.

Mwaka 1870 Amasa alitengwa na kanisa kwa mafundisho yake. Na hapo Eliza, Caroline na Lydia wote watatu wakamwacha, wakabaki na kanisa. Eliza alifariki 1886 huko Oak City, Utah, akiwa karibu na watoto wake.

Mama Wawili, Temeke
Kumbe! Miaka yote ya kukosa unga hakumwacha, akamwacha kwa mafundisho?

Mzee Kibatari
Kwa imani, kama nilivyosema tangu mwanzo.

Mama Wawili, Temeke
Au kwa sababu alikuwa ameshazoea kuishi bila yeye, Mzee. Mwanamke aliyejilisha miaka 20 na watoto wamekua, kumwacha mume ni kutangaza tu kilichokuwepo.

Kalamu ya Kale
Na wapo dada zake. Mmoja peke yake ingekuwa vigumu. Watatu wa tumbo moja wakiamua pamoja, mume ndiye anayebaki mpweke. Ustadh alisema kwao hawakusanywi. Pengine Amasa angetamani sheria hiyo ingekuwepo.

Mfugaji wa Monduli
Nje ya mada kidogo: ni kweli walikuwa wanapata siagi bila kusukasuka? Nimesikia maziwa yalining'inizwa kwenye gari asubuhi.

Mwalimu wa Mpwapwa
Kweli kabisa. Njia ilikuwa mbovu kiasi kwamba mtikisiko wa gari ulifanya kazi ya kibuyu. Jioni wanafungua, siagi ipo. Na moto waliwasha kwa mavi makavu ya nyati, maana nyika ile kuni hakuna. Watoto na kina mama ndio waliokuwa wakiyaokota.

Nesi Asubuhi
Jamani, kuna kitu hakuna aliyekiuliza. Jane alikuwa ananyonyesha Mary Ann aliyezaliwa 1848, Eliza ananyonyesha Platte. Mama anayenyonyesha akikosa chakula, mtoto anaumia kwanza. Eliza alikwisha kuzika mmoja baada ya kukonda vile, na Jane alikuwa njia ileile mwaka ule. Isaac aliporudi jioni akakuta unga umebaki nusu, Jane alimwambia nini?

Mama Wawili, Temeke
Hakumwambia kitu, Nesi. Alipika uji mwepesi.

Mfugaji wa Monduli
Au Isaac ndiye aliyesema mpe. Mbona mnamtoa mwanamume kwenye kila jambo jema?

Mama Wawili, Temeke
Lete ushahidi, Monduli.

Mfugaji wa Monduli
Na wewe wa uji mwepesi lete.